Dharura Ipi? Ngiri ya Ssenga na Kiraka cha Nguruwe



Ndugu zangu wanafunzi, ukurasa huu wa fiqhi mwezi huu ulikuwa uzungumzie hukumu za safari. Nimeuahirisha kwa sababu ya ujumbe mmoja wa sauti, wa dakika nne, ulioingia kwenye simu yangu usiku baada ya Isha.

Uliotuma ni ssenga wangu anayeishi London. Kwa wasiotoka Buganda: ssenga ni shangazi, dada wa baba, na ndiye anayemfunda binti yale ambayo mama huona haya kumwambia. Huyu wangu ndiye aliyenifundisha kutawadha, na pia kufunga kitambaa vizuri. Kwa hiyo alipoanza kwa kusema, "Mwanangu, leo mwalimu ni wewe, mimi mwanafunzi," nilikaa kitako.

Tulijua kwamba kwa muda wa miaka miwili amekuwa akiswali juu ya kiti. Kila akiinama kurukuu, maji machungu yanampanda kooni. Sijda ndiyo kabisa. Sote tulisema ni uzee. Baadaye akaanza kuhema akipanda ngazi baada ya kula, na vipimo vikaonyesha damu imepungua. Picha zilipopigwa, daktari akamwonyesha: zaidi ya nusu ya tumbo lake, yaani mfuko wenyewe wa chakula, imepanda imeingia kifuani. Ni ngiri, lakini si ile ya kinena tuliyoizoea. Atapasuliwa. Na daktari, kwa kuwa alimwona amejistiri, akamuuliza kwa adabu: kwenye kuziba tundu huenda nikaongeza kiraka kilichotengenezwa kwa utumbo wa nguruwe, je, dini yako ina pingamizi? Anataka jibu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo.

Nikamjibu usiku uleule. Nilisema, "Ssenga, usihofu. Dharura huhalalisha kilichokatazwa. Mwache daktari afanye kazi yake." Nikamwandikia na namba ya aya, Al-Baqara 173, kisha nikalala nikijiona mufti.

Asubuhi nikamsimulia mwenzangu wa chumbani, ambaye anasoma udaktari mwaka wa nne. Alikuwa anapiga pasi koti lake jeupe. Hakuinua hata macho. Akauliza, "Dharura ipi? Nani amekwambia bila huyo nguruwe haponi?"

Sikuwa na jibu. Siku tano zilizofuata nilisoma mambo ambayo hayamo kwenye mtaala wetu, yeye akinifafanulia, na ndiyo ninayowaletea.

Tundu linalotakiwa libaki wazi

Kati ya kifua na tumbo kuna msuli mpana uliotandazwa kama ngozi iliyowambwa kwenye ngoma. Ndiyo maana vitabu vya Kiswahili vinauita kiwambo. Kiwambo hiki kina tundu ambalo umio, njia ya chakula, hupitia kushuka tumboni. Pembeni mwa tundu kuna nguzo mbili za msuli zinazolibana. Nguzo hizo zikilegea, tundu hupanuka na tumbo huanza kupanda juu. Mara nyingi kinachopanda ni kipande kidogo tu, kinateleza na kurudi, na mtu huishi na kiungulia chake bila kisu. Kubwa ni kama la ssenga: tumbo lililohamia kifuani linaweza kujisokota, kukosa damu na kuoza. Hilo halitokei kwa wengi. Kwa mwenye ngiri kubwa isiyomsumbua, makadirio yanayotajwa sana na madaktari ni kama mtu mmoja katika mia kwa mwaka atakayehitaji upasuaji wa haraka, ndiyo sababu wazee wengi huachwa waangaliwe tu. Lakini ssenga anaumwa, damu inampungua, na daktari ameona afanyiwe.

(Mzaha wa lugha yetu: ngiri ni maradhi, na ngiri ni yule nguruwe mwitu mwenye pembe za meno anayekimbia mkia juu kule Murchison. Mwenzangu alicheka sana nilipomwambia kwamba kwa Kiswahili daktari anataka kutibu ngiri kwa binamu yake ngiri.)

Upasuaji wenyewe siku hizi hufanywa kwa matundu madogo na kamera. Mpasuaji hulivuta tumbo lirudi chini, huondoa kifuko kilichotanda kifuani, huulegeza umio mpaka sentimita mbili tatu za mwisho zikae tumboni bila kuvutwa, kisha huzishona zile nguzo mbili zikaribiane. Mwishoni huchukua sehemu ya juu ya tumbo na kuuzungushia umio kama skafu shingoni, ili tindikali isipande. Kuzungusha huko ama ni duara kamili ama ni nusu na zaidi kidogo. Wapasuaji wana mabishano yao hapo ambayo hayatuhusu.

Desturi ya makala zetu ni kuanza na Zahrawi wa Andalusi. Leo nitampumzisha, kwa kuwa skafu hii nayo ina historia iliyopitia mji wa Waislamu. Aliyeibuni ni Rudolf Nissen, Mjerumani wa asili ya Kiyahudi aliyekimbia utawala wa Hitler mwaka 1933 akapewa kazi Istanbul. Mwaka 1936, hukohuko Istanbul, alimpasua mgonjwa mwenye kidonda chini ya umio, akaufunika mshono kwa kuuzungushia tumbo ili usivuje. Miaka ikapita, akagundua mgonjwa yule hasumbuliwi tena na kiungulia. Aliandika njia hiyo rasmi mwaka 1956, akiwa Uswisi. Kilichokusudiwa kuzuia mshono usivuje kikawa tiba ya kitu kingine.

Sasa tufike kwenye kiraka. Tatizo la ngiri hizi kubwa ni kwamba mshono wa nguzo huachia. Msuli umechoka, na kiwambo hakipumziki. Kila pumzi inauvuta. Ngiri hurudi. Kwa hiyo wapasuaji wakafikiri kama fundi cherehani: nguo ikichakaa, shona kisha tia kiraka.

Hapa mimi Mganda niliona nimeshinda, maana nilikumbuka Kamuli. Mnaijua habari hii? Katika hospitali ya misheni ya Kamuli, mashariki mwa nchi yetu, wanaume 302 wenye ngiri ya kinena waligawanywa kwa kura: wengine wakatiwa wavu wa kiwandani unaouzwa ghali, wengine kipande cha chandarua cha mbu kilichosafishwa kuua vijidudu. Baada ya mwaka, ngiri ilirudi kwa mtu mmoja tu katika kundi la chandarua, na kwa wavu wa kiwandani haikurudi kwa yeyote. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba haihesabiki, na matatizo mengine baada ya upasuaji yalikuwa karibu sawasawa, kama asilimia 30 kila upande. Utafiti huo, wenye majina ya Waswidi na Waganda pamoja, ulichapishwa Januari 2016 katika jarida la New England Journal of Medicine. Nikamwambia mwenzangu: basi ssenga atiwe chandarua, plastiki haina najisi, kesi imekwisha!

Akatikisa kichwa. Kinena ni ukuta, akasema, na tundu la ukuta unalifunika lote. Tundu la kiwambo huwezi kulifunika, kwa sababu chakula kinapita hapo. Kiraka kinawekwa nyuma na pembeni mwa umio, na kama ni plastiki ngumu isiyoyeyuka, ikisugua umio mwaka hadi mwaka inaweza kuutoboa na kuingia ndani. Si kawaida kutokea, lakini ikitokea huenda mgonjwa akakatwa umio au tumbo. Kwa hofu hiyo ndipo wakaja na kiraka cha nguruwe: utando wa utumbo wake mwembamba, umeoshwa mpaka chembe hai zote zimetoka, umebaki uzi mtupu wa protini. Ni laini, mwili unauingia, unaula polepole na kuweka nyama yake mwenyewe mahali pake. Kwenye karatasi, jambo zuri.

Hesabu zilizoninyamazisha

Utafiti uliofungua njia ulikuwa wa mwaka 2002: wagonjwa 72 wenye matundu makubwa, nusu walishonwa tu, nusu wakaongezewa kiraka cha plastiki. Ngiri ilirudi kwa asilimia 22 ya walioshonwa, na kwa wenye kiraka haikurudi hata mmoja. Ungekuwa mpasuaji, ungefanyaje? Nadhani na mimi ningetia.

Mwaka 2006 Wamarekani wakatoa matokeo ya kiraka cha nguruwe kwa wagonjwa 108. Baada ya miezi sita ngiri ilikuwa imerudi kwa asilimia 24 ya walioshonwa tu, na asilimia 9 ya waliotiwa nguruwe. Kama mufti angesoma hapo na kufunga kitabu, angesema manufaa yamethibiti. Lakini watafiti walewale hawakufunga kitabu. Waliwafuata wagonjwa wao kwa karibu miaka mitano, wakatoa hesabu mpya mwaka 2011: walioshonwa tu, asilimia 59 imerudi, waliotiwa nguruwe, asilimia 54. Yaani faida yote ya miezi sita ilikuwa imeyeyuka pamoja na kiraka chenyewe.

Kisha Waaustralia. Wao walichukua wagonjwa 126 ambao angalau nusu ya tumbo imepanda kifuani, hali ya ssenga hasa, wakawagawa makundi matatu: uzi mtupu, kiraka cha nguruwe kinachoyeyuka, na wavu usioyeyuka. Matokeo ya mwaka mmoja, yaliyotoka 2015, yalikuwa asilimia 23 kwa uzi, 31 kwa nguruwe, 13 kwa wavu. Tofauti ambazo kwa hesabu zao hazikutosha kusema njia moja ni bora. Walipoangalia tena baada ya miaka mitano hivi: 39 kwa uzi, 57 kwa nguruwe, 43 kwa wavu.

Nilisoma mistari hiyo mara tatu. Kiraka nilichokihalalisha kwa jina la dharura ndicho kilichokuwa mkiani.

Msiogope ukubwa wa namba hizo, kama nilivyoogopa mimi. Kurudi kunakohesabiwa hapo ni kunakoonekana kwenye picha, na mara nyingi ni kipande kidogo ambacho mgonjwa hakisikii. Wengi wao walisema wameridhika na upasuaji wao. Na siwaambii kwamba kiraka hakina kazi kamwe. Wapasuaji bado wanabishana, na mpasuaji aliyefungua kifua akakuta nguzo zimechanika kama karatasi iliyolowa ana haki ya kufikiri tofauti na takwimu. Ninachosema ni kwamba dai la "bila hiki haponi" halina ushahidi.

Mfupa wa Imamu Nawawi

Nilipeleka haya kwa ustadhi wetu wa fiqhi baada ya darasa, na karatasi zangu zote za asilimia. Hakuzitazama. Alinituma maktaba: "Kafungue Minhaj, mlango wa masharti ya swala, tafuta mfupa."

Nikaupata. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, yaani 1277, anazungumzia mtu aliyevunjika mfupa akauunga kwa mfupa wa najisi. Hukumu yake, kwa maneno yangu: akiwa ameunga hivyo kwa kukosa kilicho tohara, ana udhuru na swala yake inasihi. Kama kilicho tohara kilikuwepo, inampasa auondoe, ila akiogopa madhara ya wazi. Na akifa nao, kwa kauli iliyo sahihi, hauondolewi maiti akasumbuliwa.

Karne saba na zaidi, na swali la ssenga limo mle! Tazameni hukumu inaning'inia kwenye nini. Haisemi "akiwa mgonjwa sana". Haisemi "daktari akipendekeza". Inasema: kwa kukosa kilicho tohara. Aya niliyomtumia ssenga nayo ina masharti yake, kwamba aliyelazimika asiwe mwenye kutamani wala mwenye kupita kiasi. Mimi nilituma namba nikaacha masharti. Na ile kanuni niliyoisema kwa mbwembwe ina pacha wake ambaye husomwa papo hapo baada yake: dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Katika Majalla ya Waturuki zimepangwa jirani, kifungu cha 21 na cha 22. Sisi wanafunzi tunahifadhi cha 21.

Najua kuna ndugu watakaonijibu kwa istihala, yaani najisi kubadilika ikawa kitu kingine. Ni hoja nzito. Wanazuoni wa Kihanafi wana mfano wao maarufu wa mnyama aliyeanguka kwenye machimbo ya chumvi akageuka chumvi, basi ni chumvi, na chumvi ni tohara. Semina ya kitabibu ya Kuwait mwaka 1995 ilipita njia hiyo kuhusu jelatini. Sisi wengi wa hapa ni Mashafii, na mlango wetu wa istihala ni mwembamba: pombe ikigeuka siki yenyewe, na ngozi ikidabighiwa, isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Lakini hata nikivaa kilemba cha Kihanafi naona shida. Chumvi imepoteza kila alama ya mnyama. Kiraka hiki kinasifiwa na watengenezaji wake kwa sababu iliyo kinyume: kwamba uzi wa protini umebaki vilevile ulivyofumwa ndani ya utumbo, ndiyo maana chembe za binadamu zinakubali kukaa humo. Kilichooshwa si lazima kiwe kimegeuka. Hii ni rai yangu ya mwaka wa tatu, na anayeona vingine aniandikie. Nafasi ipo toleo lijalo.

Jambo la pili alilonifundisha ustadhi ni jina la kosa langu. Wanausuli wanaita tahqiqul-manat: kuhakikisha kwamba jambo ambalo hukumu imefungwa nalo lipo kweli hapa. Shatibi anasema kazi hiyo inahitaji ujuzi wa kitu chenyewe, hata kwa mtu asiyejua Kiarabu. Maana yake, katika suala hili mwenzangu wa chumbani na koti lake jeupe alikuwa na sehemu ya fatwa ambayo mimi sina. Mimi najua dharura ni nini. Yeye anajua kama ipo.

Naomba msiichukue makala hii mkaipeleka kwenye mambo mengine. Valvu ya moyo ya nguruwe ni utafiti mwingine, wenye mbadala mwingine na hatari nyingine. Na kama baba au mama yako tayari ameshonewa kiraka hiki, usiende kumtisha. Someni tena mwisho wa mfupa wa Nawawi: panapoogopwa madhara, hakuna kung'oa, na swala zake ni swala.

Ujumbe wa pili

Nilimtumia ssenga sauti nyingine Jumatano, mrefu kuliko wake. Nilianza kwa kumwomba radhi. Nikamwambia asimkatalie daktari wala asimkubalie kabla ya kumuuliza mambo haya: je, ngiri yangu inaweza kufungwa kwa uzi peke yake? Ukiona msuli hautoshi, unacho kiraka kisichotokana na nguruwe, kama kile cha kutengenezwa kinachoyeyuka? Na yakishindikana yote hayo nikiwa nimelala mezani, hatari ya kuniacha bila kiraka ni kubwa kiasi gani? Nikasema: akikwambia kwa jibu la swali la tatu kwamba maisha yako yatakuwa hatarini na hakuna kingine, hapo ndipo jibu langu la kwanza linafaa, na usione vibaya hata kidogo.

Alipiga simu Ijumaa akitoka hospitali, niko kwenye teksi naelekea Kibuli. Daktari alikuwa amemsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia desturi yake ni uzi. Kiraka alikitaja kwa tahadhari tu, na cha kutengenezwa kinachoyeyuka kipo kabatini. Akaandika kwenye fomu ya idhini, "hakuna kitu cha nguruwe," ssenga akatia sahihi. Suala zima lilichukua dakika kumi, anasema, na muda mwingi ulikwenda kwenye kutafuta kalamu.

Alishonwa kwa uzi. Alhamdulillah, siku ya tatu alikuwa nyumbani, akinywa uji na supu iliyochujwa na kulalamika kwamba hata watoto wachanga wa London wanakula vizuri kuliko yeye. Kinachofuata Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Zile asilimia nilizowaandikia zinamhusu na yeye pia, na anazijua.

Juzi ametuma ujumbe mwingine. Ramadhani inakaribia, na daktari amemwambia ale kidogokidogo mara nyingi kwa siku mpaka uvimbe wa ndani upungue. Afunge au asifunge? Na kama akifunga, futari ataila vipi na tumbo lililozungushwa skafu? Nilikuwa nimeshaanza kubonyeza kitufe cha kurekodi, namba ya aya ya mgonjwa ikiwa mdomoni, nikamwona mwenzangu ananitazama kutoka kitandani kwake. Nikaacha. Nikamwandikia: "Ssenga, daktari amesema unaweza kula kiasi gani kwa mara moja, na hali hiyo itachukua wiki ngapi?"